Sisi Tuko Wapi? Sanamu za Umma katika Tarime na Serengeti

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hawakutuachia neno kuhusu namna ya kuishika mila hiyo pale inapotakiwa itoke kinywani mwa mzee, isimame njia panda katika umbo la jiwe, saruji au shaba, na kusomwa na mpita njia asiyemjua mzee huyo wala lugha yake. Hilo ndilo swali la makala haya, na nimelichukulia katika wilaya mbili za mkoa wa Mara, Tarime na Serengeti, kwa sababu huko ndiko lilikonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi wa kikao kilichoitishwa kuchagua sanamu ya kupamba njia panda ya mji mmoja mdogo wa mkoa huu. Tuliletewa michoro mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa simba dume juu ya jabali, wa pili wa nyumbu wakivuka mto, wa tatu wa mkono ulioshika mwenge. Wajumbe walimpenda simba. Ndipo mzee mmoja, aliyealikwa kwa niaba ya wazee wenzake, akaomba nafasi na kusema kwa upole: "Ndugu Mwenyekiti, simba huyu tunamfahamu, amekwisha kula ng'ombe wetu. Lakini katika picha zote hizi, sisi tuko wapi?" Wajumbe walicheka, kura zikapigwa, simba akashinda. Katika muhtasari niliandika kwamba hapakuwa na pingamizi. Niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na neno hilo limenisumbua tangu siku hiyo.

Maana ya sanamu ya umma

Sanamu iliyomo nyumbani mwa mtu ni mali yake. Akiichoka huigeuza uso ukutani au huiuza. Sanamu ya umma haina hiari hiyo. Imesimama mahali ambapo mwanafunzi hana budi kupita akienda shule, na mama hana budi kupita akienda sokoni. Huwasemesha kila siku bila kuombwa, na baada ya miaka michache watoto huamini kwamba inachosema ndicho ukweli wa mahali pao. Kwa hiyo haitoshi kuipima kwa uzuri wa mkono wa fundi peke yake. Mimi ni mtu wa mashairi, nami najua kwamba ubeti huweza kuwa na vina na mizani kamili na bado usiwe na shairi ndani yake.

Nashauri mhakiki aiulize sanamu ya umma maswali matatu. Inamkumbuka nani, na inamsahau nani? Inasema kwa lugha gani, yaani kwa umbo gani, kwa mata gani na mahali gani? Na ni nani walioiridhia kabla haijasimama? Tuyajaribu maswali hayo kwanza kwa sanamu ambazo wengi wetu tumeziona au tumezisikia, ndipo tuyapeleke Mara.

Tuliyoyaona kwa wengine

Sanamu ya Askari iliyoko barabara ya Samora mjini Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na ni ukumbusho wa Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing'oa, baadaye ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Basi hata shaba ina mwisho wake pale watu wanapokataa inachosema.

Kwa ufundi, Askari ni kazi nzuri: mwili wote umeelekea mbele, na bunduki yenye singe inafanya msimamo wake uwe kama pumzi iliyozuiwa. Lakini tuulize imemsahau nani. Maandishi ya chini yanawataja pia wapagazi, watu waliobeba mizigo ya jeshi na ambao kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Hata hivyo shaba inamwonyesha mpiganaji peke yake. Mpagazi amebaki katika maandishi, na juu hakuna umbo lake. Aliyemkumbuka vema zaidi ni mtaa: jina la Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyokitaja kikosi cha wapagazi hao. Mjini Nairobi, katika ukumbusho wa vita hiyo hiyo, msanii huyo huyo aliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hivyo fundi alijua namna ya kumchonga mpagazi, na kwa Dar es Salaam alichaguliwa askari.

Tuvuke hadi Kampala. Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962 ulichongwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha Makerere. Unamwonyesha mama ambaye mwili wake umezungushiwa vifungo, naye anamwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Uganda ya wakati huo ilikuwa na falme na makabila yaliyotazamana kwa shaka. Laiti Maloba angemchonga mfalme mmoja au shujaa mmoja, wengine wangeupita mnara huo kama watu wapitao mlango wa jirani. Alichonga jambo linalojulikana katika kila nyumba, la mzazi kumwinua mtoto, na kila mtu akaweza kusema kwamba mnara huo ni wake.

Zanzibar, huko Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, kuna ukumbusho wa mwaka 1998 wa msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo. Tumezoea sanamu za kuinuliwa juu ya kiti cha mawe ili tuzitazame kwa kuinua shingo. Hizi zinatulazimisha tuiname. Pale shimo lenyewe ndilo linalosema, na mtazamaji huelewa kabla hajasoma kibao chochote.

Katika mifano hii tumepata mafunzo matatu. Sanamu huweza kumtukuza mtu mmoja na kumfuta mwenziwe aliyeteseka zaidi. Watu wasiopatana huweza kukutana katika tendo kuliko katika uso wa shujaa. Na mahali sanamu iliposimama ni sehemu ya maneno yake.

Serengeti isiyo na watu

Sasa turudi nyumbani. Jina la Serengeti limeenea duniani kote, lakini wengi waliolisikia wanaona mbugani wanyama tu. Jina lenyewe linatokana na lugha ya Kimaasai, lugha ya mashariki ya mbuga. Upande wa magharibi kulikuwa na watu wengine: Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, wawindaji, wakulima na wafugaji, waliokuwa na majina kwa vilima, mito na chemchemi za huko. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata watu waliondolewa katika ardhi iliyowekwa ndani ya mipaka yake. Tangu hapo mwindaji aliyeijua mbuga kama kiganja chake aliitwa jangili.

Ukumbusho wa Serengeti unaojulikana zaidi kwa wageni uko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ni piramidi ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa mwaka 1959 kwa ajali ya ndege akiwa katika kazi ya kuwahesabu wanyama pamoja na baba yake. Simnyimi haki yake, maana alikufa kazini, na kazi yake ilisaidia wanyama hao wahifadhiwe. Nasema tu kwamba mgeni akitoka kwenye piramidi ile na kufika Mugumu akakuta simba wa saruji, ataondoka akiamini kwamba nchi hii ilikuwa na wanyama, na kisha wakaja watu wa kuwahesabu. Hayo ndiyo madhara ya sanamu isiyojibu swali la yule mzee.

Wako watakaonijibu kwamba simba huleta watalii, na watalii huleta fedha. Jibu hilo lina uzito, nami silidharau, kwa kuwa zahanati na madawati hununuliwa kwa fedha. Lakini mtalii atamwona simba wa kweli mbugani. Asichoweza kukipata mbugani ni habari za wenyeji, na hizo ndizo ambazo mji ungepaswa kumpa.

Hazina iliyopo

Je, wenyeji wana kitu cha kusimamisha? Wanacho kingi. Nitataja vitatu.

Cha kwanza ni simulizi ya asili ya Wanata. Wanasema kabila lao lilianza mwindaji Nyamunywa alipokutana na mwanamke mkulima, Nyasigonko. Mmoja ni mtu wa porini, mwingine ni mtu wa shamba, na kutokana na kukutana kwao kukawa na jamii. Mtunzi yeyote angeitamani simulizi hii, kwa kuwa ndani yake hakuna mshindi wala mshindwa. Nawaona watu hao wawili wamesimama Mugumu juu ya ardhi tupu, bila kiti cha kuwainua, kwa kimo cha binadamu wa kawaida: mwanamume ameshika upinde ulioteremshwa, mwanamke ameshika ungo wa ulezi, na kati yao pana nafasi ya hatua moja ambayo mtoto aweza kupita. Nafasi hiyo ndiyo ningeigombania kuliko vyote, kwa kuwa mtoto akipita hapo atakuwa amekamilisha simulizi.

Cha pili ni mawe. Katika karne ya kumi na tisa, wakati wa mashambulizi, njaa na maradhi, Wangoreme na Wakurya walijenga maboma ya mawe kulinda watu na mifugo. Ufundi wa namna hiyo unaonekana pia ng'ambo ya mpaka, Thimlich Ohinga karibu na Migori, mahali palipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake hazina chokaa wala saruji. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito na kwa kuchaguliwa vema, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Hiyo ni lugha ya uchongaji ambayo tayari ni ya mahali hapa. Kuna mji gani wa Mara uliokosa mawe?

Cha tatu ni vitu vya heshima, kama Machaba ya Waikoma, yaani jozi ya pembe za ndovu ambazo simulizi yao husema zilitoka kwa mtabiri wa Kitatoga. Hapa natoa tahadhari. Kitu kinachotunzwa na wazee kwa masharti yake hakifai kutengenezwa kwa saruji na kupakwa rangi kando ya kituo cha mabasi. Kukionyesha kila siku ni kukivua heshima. Sanamu njema hujua pia kunyamaza, kama mshairi ajuavyo jina lisilotajwa katika ubeti.

Kuna kosa jingine linaloelekea kuwa mtindo katika miji yetu, nalo ni kukikuza kitu. Huchukuliwa chungu, kibuyu au ngoma, kikajengwa kwa saruji hadi kimo cha nyumba, kisha watu wakaambiwa kwamba huo ni utamaduni wao. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na sauti nzito inayoingia kifuani. Litungu la saruji lenye urefu wa mita tano halina sauti yoyote. Afadhali fedha hiyo imlipe mzee afundishe watoto ishirini kulipiga. Sanamu huanza pale fundi anapotuonyesha uhusiano, wa mtu na mtu, wa mtu na ardhi, au wa aliyekufa na aliye hai.

Vivyo hivyo kwa kuiga mitindo ya mbali. Sanamu ya ujamaa ya Wamakonde, ambayo watu wengi wamepandana na kubebana katika gogo moja la mpingo, ni fahari ya taifa zima. Lakini ilizaliwa katika gogo na katika mkono wa Mmakonde. Ikinakiliwa kwa saruji Tarime itakuwa kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima, haimkai mabegani.

Si kila la jadi lafaa kusimamishwa

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba nia ni kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote na kuyafanya kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Neno la kushika hapo ni bora. Mwalimu alitaka tuchague.

Kuna watakaopendekeza kwa Tarime shujaa mwenye mkuki na ngao. Mimi nasita. Koo za Wakurya, kama vile Wairege, Wanyabasi, Wanchari, Walenchoka, Watimbaru na Wakira, zina historia ndefu ya kuoana na kusaidiana, na zina pia historia ya kupigana kwa ajili ya mifugo na ardhi. Mapigano hayo hayakuishia katika enzi za mababu. Yaliendelea hata baada ya Uhuru, na ni miongoni mwa sababu zilizofanya Tarime na Rorya ziwekewe kanda maalum ya kipolisi. Mkuki huo wa saruji utakuwa umeelekezwa kwa nani? Kila ukoo utajibu kwa namna yake, na majibu hayo yataamsha uhasama ambao wazee wamehangaika kuuzima.

Wengine watapendekeza sherehe za tohara, kwa kuwa kwa Wakurya rika ndilo humpa mtu mahali pake katika jamii. Mshikamano wa rika ni jambo la kuheshimiwa. Lakini kwa wasichana sherehe hizo zimekuwa na kisu, na sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kila msimu wa ukeketaji wapo wasichana wanaokimbia usiku kwenda kutafuta hifadhi katika nyumba za Mugumu na Masanga. Hao nao ni historia ya Tarime na Serengeti. Binti wa miaka kumi na miwili anayetembea gizani peke yake ili aokoe mwili wake na masomo yake ana ushujaa usiopungua wa mtu aliyemwua simba. Sijui kama kizazi chetu kitapata moyo wa kumchonga, lakini siku atakapochongwa tutajua kwamba tumekua.

Nani aamue?

Swali la tatu, la ridhaa, ndilo husahauliwa zaidi. Mara nyingi sanamu huzaliwa ofisini: fedha hupatikana mwishoni mwa mwaka wa matumizi, fundi huitwa kwa haraka, wazee hualikwa siku ya uzinduzi wakae kwenye viti vya mbele. Wakurya wana ritongo, baraza la wazi ambamo jambo huzungumzwa mpaka likaeleweka. Kwa nini umbo litakalosimama miaka hamsini lisipelekwe huko kabla ya kwenda kwa mhasibu?

Kwa Tarime ningependekeza hivi. Pasijengwe sanamu ya mtu. Ujengwe ukuta wa mawe bila saruji, wa duara, kwa mkono wa wazee wanaoujua ufundi huo na vijana wanaotaka kujifunza. Kila ukoo ulete mawe kutoka kwao, Wakurya pamoja na majirani zao, na mawe hayo yachanganywe ili asiwepo atakayeonyesha kidole na kusema kwamba upande huu ni wa kwetu. Boma la zamani lilikuwa na mlango mwembamba wa kumzuia adui. Hili liwe na mlango mpana, na ndani yake pawe mahali pa kukaa na kuzungumza. Ukuta huo utahitaji matengenezo kila baada ya miaka michache, na hilo ni jema, maana watu watalazimika kukutana tena kuutengeneza. Gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya shaba. Kinachoweza kuwa ghali ni mapatano, na hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Darasani

Mwalimu anayesoma makala haya asingoje halmashauri. Awatume wanafunzi wake kwa wazee wakaandike majina ya vilima na mito ya kijiji chao na sababu za majina hayo. Kila kundi lichague habari moja, lifinyange kwa udongo mfano wa sanamu usiozidi dhiraa moja, kisha mifano hiyo iwekwe njiani, nje ya lango la shule, kwa muda wa juma moja. Wanafunzi wasimame kando, waandike maneno ya wapita njia: nani alicheka, nani alikasirika, nani alisimama kimya, nani aliuliza mbona mama hayumo. Ndipo warudi darasani wazihakiki kazi zao kwa maswali yetu matatu. Watajifunza hapo uhakiki ambao hawataupata katika kitabu, kwa kuwa jibu litatoka kwa watu ambao sanamu imekusudiwa kuwasemesha.

Simba wetu bado amesimama katika njia panda ile. Rangi yake imebanduka, na mkia ulivunjika ukabaki chuma. Sina kinyongo naye. Lakini nimepata nafasi hapa ya kufanya jambo ambalo mwandishi wa kikao hupaswa kulifanya akigundua kosa katika muhtasari wake. Mahali nilipoandika kwamba hapakuwa na pingamizi, pasomeke hivi: mzee mmoja aliuliza sisi tuko wapi, na kikao hakikumjibu.